Ufagio wa Rahma Uliotupeleka Nizwa

Mashoga zangu, kila mmoja wenu keshaniuliza kwa wakati wake. Mmoja kaniuliza msibani nimeshika tasbihi, mwingine kanisimamisha sokoni samaki ananinukia mkononi. "Nizwa kulikuwaje? Na ile halwa mbona hatukusikia habari yake?" Basi nimekaa, nimeandika mara moja, mgawane. Mambo ya petroli na nani kamwomba nani ruhusa nayaruka. Nakwenda moja kwa moja kwenye njia.

Sur

Mnajua mwanangu Rahma anasoma uhandisi Uskochi. Mnajua pia posa ilikuja kutoka Nizwa, ya Salim, mtoto wa Bi Shamsa, watu wetu wa Unguja waliorudi zamani. Tukapokea, tukashukuru, imebaki kutaja siku ya nikaha. Mie nishaanza hata kuulizia kanga za kutoa. Mara pap, Bi Shamsa analeta neno moja tu: "Tusiharakishe."

Nassor mume wangu akasema huenda wana shughuli. Nassor huyu akisikia moshi unatoka jikoni atasema huenda wanapika. Mie ni mwanamke, najua "tusiharakishe" maana yake nini. Maana yake ni kwamba mlango unafungwa taratibu ili usigonge.

Siku ya pili akanipigia Asma, dada yake Salim, msichana mwenye adabu lakini Kiswahili chake kimekulia hapa hapa Omani. Akanong'ona, "Khala, mama naona video ya Rahma. Rahma nafagia, nafagia sana, tena napiga kelele. Mama nauliza, Rahma naacha chuo? Mbona nyinyi naficha?"

Video ile naijua. Rahma aliiweka mwenyewe: kavaa mtandio wake na suruali pana, yuko juu ya barafu, kainama na ufagio, anasugua chini kama anayefukuzwa, na mbele yake linakwenda jiwe. Ni mchezo, unaitwa kaling. Ananisimulia mwaka wa pili sasa, na mimi mwaka wa pili sasa naitikia "mashallah mwanangu" huku nachambua mchele. Sikujua hata jiwe linakwenda wapi.

Basi nikampigia. "Rahma, hebu nieleze huo mchezo wako."

Akasema, "Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nieleze."

Mtoto alifurahi hadi nikaona haya. Akaniambia Jumamosi ile ile wana mechi, klabu yao inaionesha kwenye mtandao, kwetu itakuwa baada ya Laasiri. Nilimwambia siku hiyo nina safari, akaniahidi kunitumia maelezo kidogo kidogo kwa sauti, nisikilize njiani. Ya Nizwa sikumwambia. Sikutaka acheze na donge hilo rohoni.

Sasa mama wa binti kwenda kwa wakwe kabla ya nikaha, mlisikia wapi? Lakini Bi Shamsa alikuwa karudi Umra. Nikasema nakwenda kumpa hongera ya Umra, na halwa. Nassor akaniambia, "Mchukue dada." Hapo ndipo safari ilipoingia utamu na uchungu wake wote.

Ibra

Wifi yangu Bi Ruqaya anakaa Ibra, na ndiye aliyeipokea posa kwa niaba yetu, kwa kuwa mkubwa na kwa kuwa hakuna awezaye kumzuia kusema. Nilitoka Sur mara baada ya Alfajiri ili nimkute tayari. Nilimkuta yumo ndani ya kanga, anafukiza udi.

"Ndo kwanza unafukiza, wifi?"

"Nafukiza gari. Gari yako inanuka samaki, na mie sendi kwa watu nikinuka Sur."

Basi gari ikafukizwa. Tukaondoka, tukarudi kuchukua miwani. Tukaondoka, tukarudi kuangalia kama jiko limezimwa, na lilikuwa limezimwa. Kisha akataka tupite kuchukua halwa, akachagua mabakuli matatu makubwa ya mviringo yenye vifuniko, halwa nyeusi ya zafarani ingali ya moto. Akayapakata kama wajukuu.

Tulipokamata njia nikafungulia sauti ya kwanza ya Rahma. "Mama, jiwe ni zito, kubwa kama chungu cha ubwabwa, na juu lina mkono kama wa birika. Mtu analisukuma kwenye barafu, analiachia, linateleza mpaka upande wa pili. Kule kuna duara zilizochorwa, moja ndani ya nyingine. Jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndilo lenye pointi."

"Ndo basi?" akauliza Bi Ruqaya. "Huko hawana mpira?"

"Ngoja, wifi, yako mengine."

"Na anayefagia, Mama, hasafishi. Ufagio unapasha barafu joto kidogo, jiwe linakwenda mbali zaidi na linanyooka. Bila ufagio linachoka njiani, au linapinda."

Wifi akasema, "Kwa hiyo wenziwe wanarusha, mtoto wa kaka yangu ndo mfagiaji wao." Nikamwambia hapana, wanapokezana, kila mmoja anarusha na kila mmoja anafagia. Hakusadiki. Mpaka tunaiacha mitende ya Ibra nyuma yetu alikuwa anaguna.

Bidbid

Bidbid ndipo njia yetu inapokutana na ile ya Maskati na Nizwa, na pembeni hukosi mkahawa. Tulisimama kwa chai ya maziwa na chapati ya yai. Mfanyakazi mmoja alikuwa ndo kwanza kaosha sakafu ya veranda, vigae vinang'aa, maji bado hajayasukuma. Nikaweka sauti ya pili mezani.

"Mama, mawe mengine hatuyapeleki kwenye duara kabisa. Tunayaweka mbele kama walinzi, ili jiwe letu la ndani lisigongwe. Na jingine linatumwa makusudi kuligonga la wenzetu litoke."

"Sielewi," nikasema. "Unaliweka mbele halina pointi, la nini?"

Bi Ruqaya akaniangalia, akaangalia vigae, akainuka. Mashoga zangu, mwanamke wa umri ule, na buibui lake la kwendea kwa wakwe, alitia bakuli la halwa chini kwenye maji akalisukuma. Likateleza, shwaa, likasimama karibu na mlango. "Hili letu," akasema. Akachukua la pili, akalisukuma kwa uangalifu zaidi, likasimama njiani, mbele ya la kwanza. "Huyu mlinzi. Sasa njoo uligonge la ndani kama unaweza."

"Wifi, hiyo ni halwa ya Umra!"

"Ina kifuniko."

Akamwita yule mfanyakazi na ufagio wake wa mpira wa kusukumia maji. Kwa Kiarabu na kwa mikono akamwonesha: jiwe likija, wewe mbele yake, haraka haraka, lakini usiliguse. Kijana akacheka akakubali. Nikasukuma la tatu, likaanza kuzubaa, na wifi akapiga ukelele, "Fagia! Fagia, bwana we!" Kijana akakata maji mbele ya bakuli, na bakuli likapata roho mpya, likampita mlinzi pembeni, likakaa mlangoni kando ya lile la kwanza. Watu wa mkahawani wakapiga makofi. Mie mwenyewe niliruka. Wallahi, nilielewa pale. Mtu hatupi jiwe akaliacha. Wenziwe wanalisindikiza mpaka lifike.

Hapo akashuka mzee mmoja Mbedui wa Sinaw kwenye pikapu iliyojaa mbuzi. Aliuliza nini hiki, akaelezwa, akasema kwa Kiarabu chake kizito kwamba jambo hili jepesi. Akaomba bakuli. Tukamwokotea yule mlinzi. Mzee alikunja kanzu, akarusha kama anayemfukuza mbwa mwitu. Bakuli likagonga bakuli, kifuniko kikaruka, halwa ya zafarani ikatandaa mpaka mlango wa mkahawa.

Mbuzi mmoja tu ndo alilia.

Mzee aliona haya, maskini. Akaenda garini, akarudi na chupa kubwa ya samli ya ng'ombe wake, hakukubali turudishe. Bi Ruqaya akaipokea, akaniambia kwa Kiswahili, "Samli ya kweli hii. Tena kapiga vizuri, la kwetu limetoka."

Tukiwa tunajifuta mikono nikasikiliza sauti ya mwisho. "Na Mama, kwenye mechi zetu hakuna refa. Mtu akiligusa jiwe kwa ufagio, hata kidogo tu, anasema mwenyewe."

Nikamjibu hapo hapo, "Na asiposema?"

Akanirudishia kicheko. "Watu wanasema, Mama."

Nikamwambia wifi, watoto hawa wanaishi dunia gani?

Birkat al Mauz

Tulisimama Birkat al Mauz kuswali Adhuhuri. Migomba imesongamana, maji ya falaji, ule mfereji wa kale wa kumwagilia mashamba, yanakwenda bila haraka. Tulipotoka msikitini wifi hakwenda garini. Alikaa ukingoni mwa falaji, akatia vidole majini.

"Wifi," akasema, "kuna neno nilisema siku ya posa."

"Neno gani?"

"Mimi nilitaka wajue mtoto wetu msomi. Nikawaambia Rahma maisha yake ni vitabu tu." Akakohoa. "Nikawaambia hajapata kushika ufagio toka azaliwe."

"Ebo!"

"Nilimsifu."

"Lahaula! Wifi! Hajapata kushika ufagio? Na Bi Shamsa akafungua simu akamwona mtoto huyo huyo na ufagio, anafagia mpaka jasho linamtoka?"

"Ndo hivyo."

"Kwa hiyo tumeonekana waongo."

"Mmoja wetu," akasema polepole.

Nilimgombeza kutoka pale mpaka gari ikawaka. Nilimwambia mdomo wake utatuulia mtoto. Akasikiliza kimya, jambo ambalo hajapata kulifanya toka nimeolewa, na nilipomtazama pembeni nikaona machozi. Rahma ndiye mtoto wa kwanza aliyempokea mikononi, siku mie nilipokuwa mahututi hospitali. Nikampa kitambaa. Akajifuta, akaniambia nishike usukani kwa mikono miwili.

Nizwa

Bi Shamsa alitupokea mlangoni mwenyewe. "Shikamoo, Bi Shamsa. Hongera ya Umra." "Marahaba, karibuni, karibuni." Mwanamke mrefu, mkavu, sauti ya chini. Halwa yetu moja nzima, moja imebonyea, na chupa ya samli; alivipokea kana kwamba ndivyo watu wanavyopeleka siku zote. Tukaletewa tende na kahawa, kisha wali wa nyama na achari ya ndimu, na mchuzi wa papa wenye nazi, kwa heshima yetu watu wa Sur. Tuliulizana hali za watu wote, walio hai na waliokufa. Neno la Rahma halikutajwa mpaka sinia likaondolewa.

Ndipo Bi Shamsa akaweka kikombe chini. "Mama Rahma, mie sipendi kuzunguka. Kufagia si aibu. Marehemu mama yangu alikuja nchi hii na mtoto mgongoni, akafagia nyumba za watu, na namwombea dua kila siku. Lakini niliambiwa mtoto hajapata kushika ufagio. Kisha nikaona nilichokiona. Nyumba inayoficha dogo, kubwa itafichaje?"

Wifi yangu akawa mdogo ndani ya buibui. Kisha, Mungu amlipe, akasema, "Neno lile langu, Bi Shamsa. Nilitia chumvi. Mama yake hakuwepo."

"Na chuo?"

"Chuo anasoma," nikasema. "Ule ni mchezo. Na leo anacheza. Ukitaka, tutazame."

Bi Shamsa alifikiri. Kisha akamwita Asma, na Asma akaiunganisha simu yangu na televisheni kubwa ya sebuleni.

Kamera ilikuwa darini, unaona barafu nyeupe na duara, na watu kwa juu kama sisimizi wenye fagio. Nikachukua vikombe vya kahawa nikaeleza mkekani: hiki jiwe, hiki mlinzi, huyu anasindikiza. Bi Ruqaya akawa ananisahihisha. "Hapana, Bi Shamsa, mlinzi hukaa mbele zaidi, niachie mie." Asma akauliza, "Hiki mawe mekundu ya nani?" Nikamwambia mekundu yetu, manjano ya wenzao. Mwanzo Bi Shamsa alikuwa anatazama kwa adabu tu. Baadaye nikaona kasogeza mto. Baadaye akasema, kwa sauti ile ile ya chini, "Pale angeweka mlinzi." Na kweli wakaweka mlinzi pale.

Mechi ikafika mwisho wake, pointi sawa, limebaki jiwe moja, la timu ya Rahma. La manjano limekaa karibu na kitovu, mbele yake kuna mlinzi, na njia ya kulifikia ni nyembamba. Mwenzake akaliachia jekundu. Rahma na msichana mwingine wakashuka nalo na fagio, kichwa chini. Sauti yake ikatoka kwenye televisheni, sauti ya mwanangu, inapiga kelele sebuleni Nizwa. Mie nimesimama. Wifi kasimama. "Fagia, mwanangu! Fagia!"

Mara Rahma akaacha. Akasimama wima, akanyanyua mkono. Yule mwenzake akaendelea peke yake.

"Kwa nini ameacha?" akauliza Bi Shamsa.

"Sijui! Fagia wee!"

Jiwe likampita mlinzi, likalisukuma la manjano, likakaa kitovuni. Kitovuni kabisa! Nikapiga vigelegele, wifi akapokea, Asma akapiga makofi. Kule barafuni mmoja wa manjano alishaanza kunyoosha mkono wa kupongeza. Na Rahma bado kanyanyua mkono wake. Akasogea, akasema maneno, akauonesha ufagio, akalionesha jiwe.

"Anasema nini?" akauliza Bi Shamsa.

Asma ndiye ajuaye Kiingereza vizuri. "Nasema yeye gusa mawe. Na ufagio. Kidogo."

Basi mashoga zangu, hapa ndipo mie nilipopotelewa na akili. Nilisahau nyumba ya nani, nilisahau nimefuata nini. Niliikabili televisheni kwa mikono miwili nikapiga ukelele, "Nyamaza, Rahma! Nani kakuona? Nyamaza, mwanangu, nyamaza!"

Hakuninyamazia. Nahodha wa manjano akainama, akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Wakaliondoa jiwe letu, la manjano wakalirudisha mahala pake. Imekwisha, tumefungwa. Wakapeana mikono wote, mmoja mmoja, na yule nahodha akamkumbatia Rahma.

Nikageuka. Bi Shamsa ananitazama mie, si televisheni. Wifi yangu kajifunika uso kwa mtandio. Maneno yangu nikayasikia upya yote: nani kakuona. Nimetoka Sur mpaka Nizwa kuja kuonesha kwamba nyumba yetu haifichi. Nikakaa chini.

Simu ikalia. Rahma. Simu bado imeunganishwa, sauti ikajaa chumba kizima, na mtoto analia. "Mama, uliona? Nimewapoteza wenzangu mechi. Liligusa tu, Mama, nilisikia kwenye mkono. Najua utanigombeza."

Bi Shamsa akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Siye mama yako. Ni mie, Bi Shamsa."

Kilio kikakatika pale pale. "Shikamoo, Bi Shamsa."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Nenda kale. Na barafu hiyo uvae soksi nzito." Sauti yake ya chini ikazidi kushuka. "Niliona ulivyonyanyua mkono kabla jiwe halijasimama. Nikaona na mama yako hapa alivyokuwa anakuita unyamaze, jirani wote wamemsikia."

"Mama!" akasema Rahma.

Nilitamani mkeka unimeze. Bi Shamsa akachukua birika la kahawa, akanimiminia mwenyewe, akaniwekea kikombe mkononi na kunikunja vidole juu yake, simu bado sikioni kwake.

"Usilie, mwanangu," akamwambia Rahma. "Siku ya nikaha tutaitaja leo leo, kabla hawa hawajaondoka. Wewe tumekutaka. Mama yako tutamzoea."